Marahaba ya Binti Yangu

Mimi ni mtu wa salamu. Nimezaliwa bara nikaoa Mtoni, kwa watu wa pwani, na jambo pekee ambalo mimi na mama mkwe hatujawahi kubishania ni hili: mtoto asiyeamkia wakubwa hajalelewa. Kwa hiyo binti yetu alianza kufundishwa shikamoo hata shingo yake haijakaza. Mama mkwe alimpakata, akamshika mkono na kumsemea kwa sauti nyembamba, "Shikamoo, baba!" Nami naitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Mtoto anadondosha udenda tu.

Kumbe alikuwa anasikiliza. Alipoanza kusema, kila tukimwambia "Sema shikamoo," yeye alijibu, "Ayahaba!" Si sisi ndio tuliokuwa tunasema shikamoo siku zote? Akaona yeye ndiye mkubwa. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye mvi aliyeuza nyama Vingunguti, aliinama kabisa akamwambia, "Shikamoo, bibi yangu." "Ayahaba," akajibu mama mzima. "Ujambo?" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikafoka kwamba wananiharibia mtoto. Lakini jioni nikitoka kazini nilikuwa namwamkia mwenyewe mlangoni, ili tu niitikiwe.

Chekechea ikamnyoosha. Akawa anaamkia kila kinachopumua, mbuzi wa jirani wakiwemo. Ukubwa unaanzia wapi hakujua. Akamwamkia rafiki wa mke wangu, msusi wa saluni, yule dada akanuna. "Nyie, huyu mtoto wenu ananizeesha!" Alipofika darasa la nne alishajua kupima mwenyewe: huyu shikamoo, huyu mambo, huyu mpite tu. Nikajisifu kwamba kazi imekwisha.

Wapi! Alipoingia sekondari mlango wa chumba chake ukaanza kufungwa, na shikamoo yangu ikafupishwa ikawa "kamoo", inatupwa huku anapita. Kisha nikamkatalia kwenda sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake huko Ubungo, kwa kuwa ingekwisha usiku, na hata hiyo "kamoo" ikakatika. Asubuhi anapita sebuleni na begi lake, kimya, na mimi nimekaa hapo hapo.

"Si umwite umseme?" mke wangu akaniuliza.

Sikutaka. Salamu ya kulazimishwa ya nini? Mimi ni mkaidi, naye ukaidi kauchukua kwangu. Kila asubuhi nilikaa na chai yangu nikisubiri aanze yeye, chai inapoa, yeye huyo anaondoka. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona mwanangu anatuhama huku bado anaishi kwetu, na nilimpenda mno hata chakula kilikuwa hakipiti.

Asubuhi moja alikuwa ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu. Kichwa kimenyolewa kwa ajili ya shule, kisogo ni kile kile nilichokuwa nakishika wakati shingo haijakaza. Neno likanitoka lenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu palepale bila kuinua uso. "Hujambo?"

Kisha mikono ikasimama kwenye kamba. Akageuka kunitazama, amekunja sura kwa hasira zake zote, midomo ikaanza kumtetemeka, akashindwa. Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Binti akafuta macho kwa mkono wa sweta, akavaa begi lake mgongoni.

"Baba nawe una vituko," akasema. "Haya, shikamoo."

Sikuweza kuitikia. Naye, ambaye siku zote hizo alikuwa ananipita, alisimama pale mlangoni, huku anachelewa shule, akanisubiri mpaka nikaweza.