Theluthi ya Mwisho ya Njia ya Ilunga

Tangu asubuhi naitazama simu kana kwamba ujumbe utabadilika. "Tata amepumzika," ameandika Bupe kuhusu baba yake. Nimeandika habari za vifo miaka mingi, na kazi ya kwanza ni kuthibitisha. Nimepiga simu mara mbili. Imethibitishwa.

Ilunga, fundi mitumbwi wa Nchelenge, rafiki yangu tangu miaka ya sabini, hayupo.

Watamzika leo saa nane mchana. Mimi niko Lusaka, na basi la leo linafika Nchelenge kesho. Nimetafuta kila njia, jibu ni lile lile. Kwa hiyo naandika hapa, kwenye ukurasa wangu.

Wengi mnaonifuata hamkumjua. Alizaliwa Kilwa ya Congo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, kama mama yangu. Pale Nchelenge watu walisema Kibemba. Sisi wawili tulisema Kiswahili cha ng'ambo, hasa tulipotaka kuwasema wengine.

Kabla sijamfahamu alikuwa amefanya kazi Copperbelt, kwenye klabu moja ya mgodi, akisimamisha pini za bowling, vile vigingi vya mbao vinavyoangushwa kwa boli nzito ya kuviringisha. Kazi ilipokwisha walimpa boli moja yenye ufa karibu na tundu la kidole gumba. Akapanda nayo basi hadi ziwani, ameipakata.

Nyuma ya ghala la samaki akajenga njia ya kuchezea, kwa mbao za mukwa zilizobaki kwenye mitumbwi. Pini kumi alizichonga mwenyewe. Hakuna mbili zilizolingana.

Jumapili baada ya kanisa watu walijaa. Mama mmoja muuza samaki kutoka Puta aliirusha boli kwa mikono miwili, kutoka katikati ya miguu, akaangusha pini zote. Akamgeukia Ilunga: "Tata, kazi yenyewe njo hii tu?"

Ilunga alicheka siku nzima. Lakini kwake haikuwa hii tu.

"Boli haina akili, ndugu," aliniambia. "Akili iko mu mbao."

Alinieleza mara nyingi, nami nikadhani nimeelewa. Penye mafuta boli huteleza, na hata ukiizungusha vipi, inakwenda moja kwa moja. Penye mbao kavu inakamata, na hapo ndipo mzunguko wako unaipinda kuelekea pini. Njia ikikauka yote, inapinda mapema na kuangukia mchangani. Ikipakwa mafuta yote, haipindi kabisa.

Kwa hiyo alipaka theluthi mbili za mwanzo, akaacha ya mwisho kavu. Mafuta mengine hatukuwa nayo. Alitumia mawese yaliyovushwa kutoka Congo. Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, mawese huganda. Ilunga aliyapasha moto kwenye mbaula, jiko lake la mkaa, akayapaka membamba kwa kipande cha blanketi, amepiga magoti.

Mwezi wa sita mmoja, katikati ya miaka ya sabini, sekretari wa klabu nyingine ya Copperbelt alikuja ziwani kuvua samaki. Alitafuta mtu wa kutunza njia zao: kazi ya kudumu, yenye nyumba. Akasikia habari za Ilunga, akasema ataipitia njia yake asubuhi kabla ya kuondoka.

Ilunga aliamka mapema, akapaka, akaenda kumchukua mgeni. Mimi nilikuwa ripota mpya, nimekuja kuona. Nikatazama njia, nikaona upande wa pini hauna mafuta. Nikadhani haraka imemsahaulisha.

Nikachukua chupa na kile kipande cha blanketi. Sikuwasha mbaula. Nilipaka hadi kwenye pini. Mbao za mukwa ni nyekundu, mawese hayakuonekana.

Ilunga aliporudi na mgeni akarusha. Boli ya kwanza ilikwenda vizuri, ikafika mahali pa kupinda, haikupinda. Ikapita kando ya pini zote.

Ilunga akaifuata, akaipangusa kwa kitambaa, akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilitazama ziwani.

Ya pili alisogeza miguu, akarusha bila kuizungusha, akaangusha sita. Lakini sekretari alikuwa ameshatembea hadi mwisho wa njia, ameinama, anapitisha kidole. Akasema anayepaka mafuta mpaka kwenye pini hajui kazi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa sentensi moja.

"Ndiyo, bwana," Ilunga akasema. "Nilikosa."

Gari likaondoka. Ilunga akafagia mchanga, akarudi kwenye mtumbwi aliokuwa anautengeneza. Alitengeneza mitumbwi maisha yake yote. Sikuandika habari ile. Nimewahoji mawaziri kuhusu makosa yao, nikawabana mpaka wakajibu.

Hakuwahi kuniuliza, mpaka wiki iliyopita. Bupe alimwekea simu sikioni. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila neno lilifika.

"Ndugu, ile asubuhi ya sekretari. Ni weye njo ulipaka kule mwisho?"

Nikamwambia network ni mbaya, simsikii.

"Bon, sawa," akasema. "Tutaongea siku ingine."

Network ilikuwa nzuri.

Bupe ameniandikia tena sasa hivi. Njia ilioza zamani, lakini boli ipo. Wameiweka kwenye mlango wa nyumba usifungwe na upepo, waombolezaji wanaingia. Anauliza kama nina neno la kusomwa kaburini. Nimeandika, nimefuta. Neno lenyewe si la kusomwa na mtoto wake mbele ya watu, na mwenye kulingoja hasikii tena.

Saa saba na nusu.

Nilikusikia vizuri, ndugu yangu. Ni mimi niliyepaka. Lala sasa.