Kati ya Manyoya na Malaika

Kazi yangu ni kuosha na kunyoa mbwa wa Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi. Kwetu Kabiria watu hudhani natania, lakini mbwa hao wapo, wana shampuu yao na taulo zao, na mmoja nina hakika ana wakili. Kila jioni manyoya niliyokuwa nikijikung'uta kwenye sweta yangu yangetosha kujaza magodoro ya mtaa mzima, na mito ikabaki. Kwa hiyo neno manyoya nimelijua kwa ngozi. Nimelipumua, nimelila kwenye chapati, nimelipata ndani ya soksi.

Nikitoka Karen nilikuwa nakimbilia mjini, kwenye jengo moja la River Road, ghorofa ya juu kabisa, ambako watu wazima tulisomeshwa jioni ili tumalize kidato cha nne tulichokiacha njiani. Ngazi zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba ukifika juu umezeeka. Huko ndiko nilikokutana na mke wangu. Alikuwa anafanya kazi ya mapokezi kwenye jengo moja la ofisi huko Westlands, na alikuja darasani amevaa raba, viatu virefu vimo mkobani. Aliketi dawati la mbele yangu mpaka nilipohakikisha anaketi kando yangu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mama wa Mombasa, mpole, ila ukiharibu lugha alikunja uso kama mtu aliyeumwa jino. Jioni moja tulikuwa tunasoma maneno ya mwili. Akauliza zile nywele ndogondogo za mkononi huitwaje. Darasa zima, mimi nikiongoza kwa sauti ya mtaalamu, tukajibu, "Manyoya."

Jino likamuuma mwalimu. "Manyoya ni ya kondoo," akasema. "Ya paka, ya kuku. Nywele ni za kichwa chako. Haya ya mkononi na mguuni, laini, mepesi, ni malaika."

Wengine walicheka, wakauliza kama kanisani tunaimba kuhusu mikono. Yule wa kando yangu hakucheka. Alikuwa amelaza mkono wake kwenye dawati na anautazama. Mkono huo ulikuwa na malaika kutoka kifundo hadi kiwiko, yote yamelala upande mmoja kama majani ya shamba upepo ukishapita. Nilikuwa nimeshauangalia mkono huo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia kitabu chochote, ndiyo sababu hesabu zilikuwa zinanishinda.

Tukishuka ngazi aliniambia kwamba shule ya msingi walimwita sokwe. Sio siku moja, miaka yote. Alikuwa anavaa sweta hata jua likiwa la kuyeyusha lami.

"Kumbe iko na jina," akasema.

Kesho yake alikuja na blauzi ya mikono mifupi. Akaendelea hivyo. Mimi nikafeli hesabu kabisa.

Tulipokubaliana kuoana, nilimpeleka Kabiria kwa shangazi yangu aliyenilea. Sisi humwita tata. Tata ni mwanamke wa kanisa, wa kuku na wa vyumba vya kupangisha, na hana sauti ya chini, hata akinong'ona wapangaji wote wanafungua madirisha. Mchumba wangu aliponyoosha mkono kupokea kikombe cha chai, tata aliushika mkono huo, akaugeuza kwenye mwanga, akausugua kwa kidole gumba.

"Ona manyoya," akasema, uso umejaa furaha. "Ona manyoya ya huyu mtoto. Huyu ni wa baraka."

Ilikuwa sifa. Kwa Kikuyu chetu neno ni moja tu, la kondoo, la kifaranga na la mkono wa msichana mzuri, na kwa watu wa rika la tata, msichana wa namna hiyo akiingia nyumbani, hata ng'ombe huongeza maziwa. Alichukua neno lake akalivusha hadi kwenye Kiswahili bila kuangalia kama limefika salama. Lakini mchumba wangu ni Mkamba wa Machakos aliyekulia Uthiru, na alikuwa ameketi kwenye darasa lile lile nililoketi mimi. Alisema asante. Mkono wa blauzi aliokuwa ameukunja hadi kiwikoni akaukunjua hadi kwenye kifundo, na miguu yake akairudisha chini ya kiti, mmoja kwanza, halafu wa pili.

Njiani kwenda stendi nilieleza mpaka mate yakaniisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua alimaanisha nini," akasema. "Pia nimesikia alisema nini."

Tangu siku hiyo sikupata raha. Sweta ilirudi. Darasani, mtu akipita karibu, miguu iliingia chini ya dawati vile vile, mmoja halafu wa pili. Nikawa nanyoa mbwa wa watu upande mmoja na kusahau wa pili. Nilimrudia tata.

"Tata, kwa Kiswahili manyoya ni ya wanyama."

"Nilimsifu."

"Najua. Lakini kwa Kiswahili."

"Hicho Kiswahili ndicho kilikulea?" akaniuliza, akaendelea kuchambua maharagwe. Nilizunguka kibanda cha kuku kama askari wa benki, nikarudi, nikaondoka bila kusema lingine.

Mipango ya sherehe ikafika. Kwetu, siku ya kukamilisha mambo, bibi harusi hufichwa kati ya wasichana wenzake, wote wamefunikwa leso, yaani khanga, kuanzia kichwani, na bwana harusi anatakiwa amtambue bila kugusa leso. Akikosea anatozwa mbuzi, watu wanamcheka, kisha anajaribu tena. Wakamba wa Machakos hawakuwa na desturi hiyo, ila binamu zake walikuwa wameiona kwenye simu zao mpaka wakaamua ni yao tangu enzi za mababu. Walisema isipokuwepo hawapiki.

Yeye alikubali, kisha akaniita pembeni, pale kwenye ngazi za shule.

"Wengine wanalipa mbuzi wanajaribu tena," akasema. "Mimi ukinikosa, naingia ndani na sitoki."

"Unanichezea."

"Niangalie."

Nilimwangalia. Hakuwa anacheza. Mtu aliyeitwa sokwe, kisha akaitwa kuku wa baraka, alitaka kujua kama kuna mtu mmoja Nairobi hii anayemjua bila kuambiwa. Nilimwambia asijali. Moyoni nilikuwa nimeshashinda, kwa sababu leso hufika kwenye vifundo vya miguu tu, na yeye ana malaika hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Nilijigamba kwa marafiki kwamba ningemtambua nikiwa Nakuru.

Siku yenyewe tuliingia uwanjani kwao Uthiru, wazee mbele, akina mama nyuma yao na vikapu, tata akiwa na vigelegele tayari kooni. Wasichana wakatolewa nje wakiwa wamejipanga mstari, leso juu ya leso. Binamu walikuwa wamefikiria kila kitu. Warefu walikuwa wamepinda magoti, wafupi wamepandishwa kwenye matofali, na vicheko vilitoka kila upande ili visitoke upande wowote. Lakini miguu ilikuwa wazi, peku, juu ya mkeka. Nikasogea nikitabasamu kama mbunge.

Miguu yote ilikuwa laini kama sahani.

Nilipita mstari mzima, nikarudi. Jua lote la Uthiru lilihamia shingoni mwangu. Tai ilinikaba, viatu vikabana, nikahisi mbuzi wa faini akinitazama toka nyuma ya hema. Karibu nimshike mmoja mwenye rangi nyekundu kwenye kucha, kwa sababu tu alikuwa karibu. Mama yake mchumba wangu alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani.

Tata akanifikia ubavuni. "Angalia mikono," akanong'ona, na hema zima likasikia.

"Imefunikwa, tata."

"Basi miguu. Si iko na yale."

"Amenyoa."

"Nani amenyoa?"

"Yeye mwenyewe. Amenyoa yote."

"Kwa nini anyoe kitu kizuri hivyo?"

 Nilimwangalia tu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamwona tata akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Kisha akarudi nyuma hatua kidogo, taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye simenti mbichi.

Watu wakaanza kupiga makofi ya kunihimiza. Nikatembea tena, sasa sitafuti chochote, natembea kwa sababu kusimama kulinishinda. Jua lilikuwa nyuma yangu, kivuli changu kikawa kinapita juu ya miguu yao. Kilipita juu ya kucha nyekundu, hazikutikisika. Kikapita juu ya mwingine, vidole vikacheza tu. Kikafika kwa yule aliyekuwa karibu na mwisho. Mguu mmoja ukateleza nyuma, ukaingia chini ya leso. Halafu wa pili.

Hakukuwa na kitu cha kuficha. Alikuwa amekinyoa chote, na bado alificha.

Nilichuchumaa pale mkekani na suti yangu ya kuazima. Nikavuta pindo la leso, nikaifunika miguu ile vizuri, pande zote, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Binamu wakapiga kelele kwamba nimegusa, kwamba hiyo ni faini. Nikasimama.

"Ni huyu," nikasema.

Leso ikafunguliwa. Alikuwa ametoka jasho, wanja umemshuka kidogo, na alikuwa ananitazama mimi peke yangu.

"Umezunguka sana," akasema.

"Na wewe ulijificha sana."

"Ulinijuaje?"

Sikupata nafasi ya kujibu kwa sababu tata alikuwa ameshafika, amesahau vigelegele vyote alivyokuja navyo kutoka Kabiria. Aliushika mkono wa mke wangu, akausukuma mkono wa gauni juu, akapapasa juu chini kama mtu anayetafuta pete majanini. Ngozi ilikuwa na vipele vidogo vya wembe.

"Yameenda wapi?" akauliza. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Nilikuwa nimeambia wamama wote wa kanisa wakuje waone."

"Uliwaambia wakuje waone nini, tata?"

Mke wangu aliuliza polepole, bila ukali. Tata akafungua mdomo. Niliona neno likija, nikaona likifika kwenye meno, nikaona akilimeza. Akanigeukia mimi. Mimi nikatazama hema, maana hilo halikuwa langu kumsaidia.

"Hiyo yako," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo. "Ile nzuri."

Mke wangu alimtazama. Halafu akacheka, kile kicheko cha kwenye ngazi za River Road ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya chai.

"Yatamea," akasema.

Hakusema ni yapi. Tata alijaribu kumrudishia mkono wa gauni chini, kwa adabu, lakini yeye akaukunja tena hadi kwenye kiwiko, akakunja na wa upande wa pili, na ndivyo alivyokula, alivyocheza na alivyopigwa picha hadi watu wakatawanyika.