Vitambaa Vyeupe vya Harusi ya Dada

Tulipomaliza kumzika baba, kabla sijapanda gari la kurudi kwangu, nilipita kuiona nyumba tuliyokulia, katika mtaa ambao kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake hapa Likasi. Ukienda wewe leo hutaamini ninayokusimulia. Mbele pamejengwa vyumba viwili vya kupangisha, nyuma pamemwagwa saruji, na mama mmoja aliyekuwa akifua uani alinitazama kama mtu aliyekuja kudai kitu.

"Minye nilizaliwa hapa," nikamwambia.

"Karibu, mama. Lakini hapa haina kitu."

Nilimshukuru, nikasimama kidogo, nikaondoka.

Palikuwa na bustani pale. Kwanza ya maua tu, maana wakati huo baba alikuwa na kazi nzuri kiwandani. Alikuwa fundi wa kuzungushia nyaya upya katika mota zilizoungua, kazi ya kukaa kitako na kupitisha waya wa shaba mzunguko kwa mzunguko, bila kukosea. Unga tulipewa na kampuni, na nyumba zenye uwanja safi zilisifiwa. Kisha mishahara ikaanza kuchelewa, halafu ikaacha kuja, na unga nao ukakatika. Masika yalipoingia, mama akachukua jembe akaanza kulima majani ya uwanja wetu. Baba alisimama mlangoni na shati lake la kazi, ingawa kazini hakukuwa na la kufanya.

"Bibi, tutaonekana kama batu ba mugini," akasema, yaani watu wa kijijini.

"Tutaonekana batu benye kushiba," mama akajibu bila kuinua kichwa.

Wakakubaliana hivi: mstari wa maua ulio kando ya barabara ubaki, na nyuma yake mama apande anachotaka. Kwa hiyo mpita njia aliona maua. Nyuma ya maua kulikuwa na mihogo, matembele, lengalenga, yaani mchicha, nyanya, mahindi, na maharagwe yaliyopanda juu ya miti ambayo zamani ilishikilia waridi. Baba alilima pia, lakini alfajiri, na watu walipoanza kupita alikuwa ameshanawa miguu. Majirani nao walifanya vilevile, kila mmoja nyuma ya maua yake. Jioni mtaa mzima ulinuka sombe, majani ya mihogo, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ameitoa wapi.

Nikisema ukweli, mimi niliipenda miaka ile. Nilikuwa mtoto, na bustani ilikuwa karibu na mlango. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Udongo mkavu ukipigwa na maji ulitoa harufu ambayo mpaka leo inanitia njaa. Tulichuma lengalenga likiwa na umande, tukalipika na karanga zilizotwangwa, tukala na bukari, ugali wa mahindi yetu wenyewe. Mchana, jua likigeuka, mama aliketi barazani na kroshe, ile sindano yenye ncha iliyopinda kama ndoana. Donge la uzi alilitia ndani ya bakuli lisikimbie. Tulisikia vinu vya majirani, na yeye midomo ikicheza akihesabu vitanzi.

Kwetu binti haendi kwa mume mikono mitupu. Mama yake humfumia vitambaa vyeupe: vya migongo ya viti, cha meza, na kikubwa cha kitanda. Siku moja kabla ya harusi, wanawake wa upande wa bwana harusi huja kuviona. Huvishika, huvigeuza upande wa nyuma, maana huko ndiko uvivu unakojificha, na kwa hivyo humpima mama aliyemlea binti.

Dada yangu mkubwa alichumbiwa na kijana wa mtaa wa Kikula, wa familia ya wachuuzi. Zamani watu wa mtaa wetu waliwadharau watu wa Kikula. Sasa wao walikuwa na chumvi na mafuta, sisi tulikuwa na maua kando ya barabara. Ndiyo maana mama alitaka vitambaa vya dada visiwe na kasoro. Uzi mpya haukupatikana, basi akavifumua vyake mwenyewe, vile alivyoolewa navyo. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele. Aliuloweka, akauzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga jiwe chini ili unyooke ukikauka.

Alikuwa amefuma vitambaa viwili tu wakati soda kali ya kutengenezea sabuni ilipomwagikia mkono wake wa kulia. Kidonda kilipona, lakini vidole viligoma kukunjika. Nilimwona akijaribu kushika kroshe, ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Hakulia. Alifunika bakuli la uzi kwa sahani, kama mtu anavyofunika chakula cha mwenye kuchelewa.

Baba ndiye aliyeifunua ile sahani. Alichonga kroshe yake kutoka waya wa gurudumu la baiskeli, kwa sababu ya mama ilikuwa fupi kwa vidole vyake. Akaingia chumbani, akafunga dirisha, akamwambia mama amwonyeshe.

"Lakini muntu asijue," akasema. "Hata ndugu zako."

"Nitamwambia nani?"

Joto la mle ndani wakati wa masika, wewe mwenyewe unalijua. Alitoka akiwa ameloa jasho, akisema alikuwa amelala. Mtu aliyezoea kuhesabu mizunguko ya waya hakupata shida kuhesabu vitanzi. Vilikuwa vimekazwa, vyote sawa, kana kwamba vimetoka kwenye mashine. Mama alikuwa akikaa karibu naye kitandani na ule mkono mapajani, na kupitia mlango nilisikia wakicheka taratibu. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mishahara ilipokatika.

Wanawake wa Kikula wakaja, na baadhi ya wanaume nyuma yao. Vitambaa vilitandazwa juu ya meza na viti vya kuazima. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye macho makali, alikishika kile cha kitanda, akakigeuza, akakirudisha, akakigeuza tena.

"Mama, weye uko na mikono ya ajabu. Hata fundo moja haionekane." Akamtazama dada. "Na bibi-harusi, iko anajua kazi ya mama yake, ao anajua tu kukula?"

Watu wakacheka, dada akainama.

"Kwani basemaka mukono yako iliungua," shangazi akaendelea. "Uliweza namna gani?"

Mama angeweza kusema alimaliza kabla ya kuungua. Nilimwona akiutazama ule mkono, halafu akamtazama baba, aliyeketi na wanaume, kofia magotini. Baba alitikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Mama akamwambia shangazi:

"Haiko kazi yangu, tantine. Ni ya bwana yangu. Yeye njo alifuma karibu yote."

Shangazi akakiachia kitambaa. Kisha mjomba wa bwana harusi akapiga paja lake.

"Kumbe tulikosea. Tungeomba kuoa papa yake, binti abakie kwabo."

Kicheko kilichofuata kilijaza nyumba. Wajomba zetu wenyewe walicheka mpaka wakafuta machozi. Hawakuwa watu wabaya, na harusi ilifanyika vizuri, na dada aliishi kwa mumewe kwa heshima. Baba naye alicheka. Alicheka pamoja nao, akainuka, akasema anakwenda kutazama kama mbuzi wa jirani wameingia katika mahindi. Niliona shingo yake kutoka nyuma. Aibu niliyoiona kwenye shingo ile sijaiona tena kwa mtu mwingine, na sikujua nitazame wapi.

Wiki ile ile habari ikaenea mtaani. Vijana waliokaa ukutani walimngoja apite.

"Mama Kroshe, mutoto wangu iko na baridi. Utamufumia kofia siku gani?"

"Ulete uzi," baba alijibu, akapita.

Alijibu hivyo kwa muda. Halafu asubuhi moja akafunga blanketi na koleo, akaenda Kambove kuchimba na wale waliokuwa wakiingia mashimoni kutafuta mawe ya kuuza. Mama alimsihi, akamkumbusha kifua chake dhaifu. Akasema huko kuna wanaume. Alirudi na kwenda, akarudi na kwenda, miaka mingi, na kikohozi alichokuja nacho ndicho tulichokizika juzi.

Baada ya mazishi, wageni wakiwa wamepungua, nilikaa na mama juu ya mkeka nyumbani kwa dada, Kikula. Kwa mara ya kwanza nikamwuliza kwa nini alisema siku ile.

"Nilizani batamusifu," akasema. "Tantine alikuwa ananisifu minye, nikasikia haya. Nikasema, juu ya nini nikule sifa ya bwana yangu? Nilimuona kila siku mu kile chumba. Nikazani na bengine bakijua, batamuona vile minye ninamuona."

"Alikukasirikia?"

"Hapana. Angenigombeza, ingepita." Alivuta kitenge chake juu ya mkono ule. "Lakini tangu siku ile, akitengeneza kitu, hata kiti, hata mupini wa jembe, hakuniita tena kusema: mama, kuya uone."

Watu wakizungumzia yaliyokufa Likasi miaka ile, hutaja viwanda, treni, hospitali, na hawakosei. Mimi hufikiria sauti ya mwanaume akimwita mke wake kutoka uani aje aone alichotengeneza. Katika nyumba nyingine sijui iliisha lini. Kwetu iliisha sisi sote tukiwepo, mezani kukiwa na vitambaa vyeupe, watu wakicheka.