Jioni Kanga Walipokataa Kuteremka

Juzi lori lilimwaga mchanga kwa jirani anayejenga, na harufu yake ikanisimamisha mlangoni. Mchanga uliotoka chini, ukiwa bado na unyevu, hunuka kama chungu kipya kilichotiwa maji. Kwangu hiyo ni harufu ya mto Tiva wakati wa kiangazi, upande wa Kanyangi, nilipokuwa darasa la tatu.

Kila jioni nikitoka shule tuliteremka mtoni, mimi na mama. Njia ile ilinifundisha majira kabla sijaelewa kalenda. Migunga ikitoa maua ilhali ardhi ni kavu, tulijua mvua haiko mbali. Kanga nao walikuwa na desturi yao: tukianza kuchota, waliteremka kunywa maji yaliyomwagika, wala hawakutuogopa.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Kisima tulikichimba katikati yake, na kiangazi kilipozidi tulizidi kukichimba, hata mama akisimama ndani sikukiona kitambaa chake cha kichwa. Yeye alichota kwa kata na kujaza ndoo. Mimi nilivuta kamba na kumimina mtungini. Wanawake walikuwa wakisema mto mkavu umelala, haujafa.

Jioni ninayoisema, mdogo wangu Mutua alikuwa anaharisha, macho yamedidimia. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameagiza anyweshwe maji safi yaliyochemshwa, kidogo kidogo, bila kukoma. Nyumbani hapakuwa na hata tone.

Mtungi wangu mdogo ulipojaa, nilitazama ukingoni. Kanga hawakuwa wameteremka. Walikuwa juu ya mgunga, wote, wamenyoosha shingo kuelekea mto unakotoka. Juu yetu hapakuwa na wingu, lakini mbali, kwenye vilima vya Kitui, anga ilikuwa nyeusi. Kisha upepo wa baridi ukaja ukifuata mkondo, ukinuka majani yaliyooza.

Nilimwambia mama. Akasema nishushe ndoo.

Jirani yetu, Mama Kioko, alikuwa ukingoni akivutana na punda wake waliokataa kukanyaga mchanga. Akaita, "Mama Mwikali, huo mto umekuoa? Toka twende."

"Bado mahari," mama alijibu kutoka shimoni. "Umebaki mtungi mmoja."

Mama Kioko hakucheka. Aligeuza punda wake akaondoka.

Nilivuta, nikamimina, nikashusha. Kwa haraka maji yalinimwagikia miguuni, na kila tone lililopotea lilimaanisha kushusha ndoo tena. Nikaanza kusikia mngurumo, kama wa lori linalopanda mlima mbali. Nilimwambia mama kwa mara ya pili. Alijibu kwa sauti ileile, "Mwikali, shika kamba."

Mtungi mkubwa ulipojaa, alipanda kwa gogo letu la vidato, akaubeba mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, na kunisukuma mbele yake na mtungi wangu mdogo. Hatukukimbia, mchanga haukimbiliki ukiwa na mzigo. Tulipofika juu ya ukingo nikageuka. Maji ya kahawia yalikuwa yamekwisha kupita kona, yakisukuma povu na matawi. Kisima chetu kilitoweka kabla mama hajautua mtungi.

Mutua alikunywa maji yale, akapona. Mto uliendelea kuteremsha tope ambalo hakuna aliyethubutu kumpa mgonjwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile mimi niliona, na mama akapuuza. Nilijivunia hivyo kimyakimya. Nilipokwisha kupata watoto wangu, nilimwuliza kwa nini hakunisikiliza. Alikuwa akichambua pojo, wala hakuinua kichwa.

"Uliyoyaona niliyaona kabla sijaingia shimoni," alisema. "Ningekuambia, ungeshika kamba?"

Hapo ndipo nilipoielewa sauti ile isiyobadilika. Haikuwa ya mtu asiyejua. Ilikuwa ya mtu aliyejua yote, akiwa na msaidizi mmoja tu duniani, mtoto wa darasa la tatu, na hakutaka hofu imfikie mtoto huyo kabla mtungi haujajaa.