Fundi Jomen na Jiwe Lililosimama Miguuni

Jomen Gizu hana leseni ya udereva. Hana meno mawili ya juu, hana cheti cha ufundi cha kutundika ukutani, hana mashine ya kuchanganyia zege. Pima maji yake ina ufa, na kiputo chake hukwama upande mmoja mpaka akigonge kwa ukucha. Huu ni mwaka wa sita hana mke. Na mke huyo aliyemzika, Mareja, hana jiwe la kaburi.

Hilo la mwisho watu wa kisiwa cha Badu hulitaja kwa sauti ndogo, kwa sababu mawe karibu yote yaliyosimama makaburini pao ameyajenga yeye.

Ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Jumamosi Kuu. Fundi huyu wa miaka sitini na minane amepiga magoti mchangani, anasugua vigae vya bluu kwa kitambaa kibichi. Jiwe analolimalizia ni la mzee mmoja wa kanisa, na litafunguliwa Jumatatu ya Pasaka. Kitambaa cha maua cha kulifunika kimeshaletwa, kimekunjwa juu ya karai lililopinduliwa.

"Usisugue sana, utamfuta marehemu," anasema Aka Dalassa akiweka birika la chai chini. Aka ni bibi. Hapa kila mwanamke wa umri wake huitwa hivyo. Huyu ana miaka themanini na minne, na ni mama mdogo wa Mareja.

"Jina nimelichonga, Aka. Halifutiki hata na wewe."

"Mimi nimesugua masufuria ya ukoo mzima, mkwe. Usinijaribu."

Jomen anacheka, pengo likionekana, na kunyoosha mkono kupokea kikombe.

Alijifunza kazi hii akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kumbebea mjomba wake mchanga. Leo hulipwa dola mia nane kwa jiwe moja, au nusu yake na paja la nguva, kutegemea familia ina nini. Saruji huja na meli ya mizigo, na ikifika Badu bei yake ni mara mbili ya ile ya bara. "Tajiri wa kazi hii sijamwona," anasema. "Lakini sijamwona aliyekufa njaa pia. Kila jiwe lina karamu yake."

Maana huku msiba hauishi siku ya kuzika. Familia hungoja mwaka, miaka miwili, hata mitano, wakikusanya nguvu za kujenga jiwe. Likishasimama hufunikwa kitambaa, padri huomba, kitambaa huondolewa mbele ya watu wote, halafu watu hula kasa na muhogo wa nazi na kucheza ngoma mpaka asubuhi. Familia nyingi huchagua Jumatatu ya Pasaka. "Jumapili limefunguliwa la Bwana," anasema Jomen, "Jumatatu tunafungua la kwetu."

Na kuna sheria moja ambayo hakuna anayeivunja: anayelia hashiki mwiko. Kazi yote ya msiba, kuanzia kuchimba kaburi hadi kuvuta kitambaa, ni ya mashemeji wa marehemu. Mume hamjengei mkewe. Hata awe fundi. Wanaume wa gatini humtania kwamba kinyozi hajinyoi, kisha hugeuzia maneno kwingine, kwa sababu wanajua shemeji mwenyewe ni nani na yuko wapi.

Mareja alikuwa na dada mmoja tu, Rita. Jomen alizaliwa peke yake. Kwa hiyo shemeji wa Mareja aliyebaki ni mume wa Rita, Aniba Warka, mwanyumba wa Jomen, ambaye kwa miaka tisa anafanya kazi ya reli huko bara, mjini Mackay, na hapokei simu ya Jomen.

Kisa kimelala hatua thelathini kutoka anapofanyia kazi, katika kaburi la Damaris, binti ya Aniba na Rita. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka kumi na mmoja. Mtoto hana shemeji, kwa hiyo kazi ya jiwe lake alipewa Jomen, shemeji wa mama yake.

Ili kuielewa kazi hiyo lazima kumsikiliza fundi akieleza jinsi Wakristo wa hapa wanavyolazwa. "Kaburi ni kitanda," anasema, akilaza kiganja juu ya zege. "Miguu tunaielekeza macheo. Siku ya ufufuo Bwana atatokea upande ule. Mtu akiketi tu kitandani, anamwona. Hana haja ya kuuliza mtu, hana haja ya kugeuka. Msalaba tunauweka kichwani, nyuma yake, kama ubao wa kitanda, ili usimkinge. Kristo alitoka kaburini alfajiri, na sisi tutatoka alfajiri. Mimi nalala fofofo kwa sababu naamini hivyo."

Lakini njia ya kwenda kanisani hupita upande wa mashariki wa makaburi, upande wa miguu. Mwaka ule Jomen alikuwa amepata vigae vyeupe kwa mara ya kwanza, na alikuwa amejifunza kuchonga herufi zenye mikia. Alitaka wapita njia wazione. Basi akalisimamisha jiwe la Damaris, pamoja na msalaba wake, miguuni, uso ukitazama njia.

Siku ya kulifungua, kitambaa kilipoanguka, watu walishangilia vile vigae. Aniba alizunguka kaburi mara moja, polepole. Kisha akasema, mbele ya padri na sufuria za karamu: "Umemwekea mwanangu msalaba miguuni. Siku akiamka, cha kwanza atakachokiona ni mgongo wa jiwe lako."

Jomen akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka pwani: "Mungu hahitaji dira, mwanyumba."

Aniba hakugusa chakula. Mwezi haukwisha, familia ikahama kisiwa.

"Ningeweza kuligeuza wiki ileile," anasema Jomen sasa. "Lakini jiwe likishafunguliwa huligusi bila ruhusa ya baba. Ruhusa ingenilazimu niombe. Na mimi nilikuwa fundi."

Mareja alipofariki miaka mitatu baadaye, Rita alikuja kuzika peke yake. Kilima cha mchanga cha Mareja kina msalaba wa mbao na makombe ya bahari yaliyopangwa ukingoni. Aka Dalassa, ambaye katika ujana wake ngoma haikuanza kabla hajafika, aliapa siku ile kwamba hatacheza mpaka jiwe la Mareja lifunguliwe. Miaka sita sasa ngoma za karamu zikianza yeye huchukua mkeka wake akaenda zake.

Jomen ameshaandika barua tatu kwenda Mackay. Hazikujibiwa.

Jumapili ya Pasaka, kabla ya jua, kengele inalia na waumini wanatoka kanisani kwenda makaburini. Wanawake wanatangulia na maua, kwa kuwa wanawake ndio waliofika kwanza kaburini kwa Bwana. Aka yuko mbele kabisa, na fimbo yake. Waumini wanasimama vichwani mwa wapendwa wao, nyuso zikielekea bahari ya mashariki, na kuimba.

Wimbo unapoisha, Jomen anaondoka kwenye kilima cha mkewe kumtafuta Aka. Anamkuta ameketi mchangani kichwani pa Damaris.

"Aka, utapata baridi. Inuka."

"Keti."

"Shati langu jeupe, Aka."

"Nani anakuposa? Keti."

Anaketi. Jua linachomoza. Kaburi baada ya kaburi linaanza kung'aa, mchanga, makombe, vigae. Pale walipoketi wao wawili pamebaki kivuli. Mbele yao kuna mgongo wa jiwe: zege tupu, lenye matundu na alama za mbao, lisilopigwa lipu. Nyuma hakuna aliyetarajiwa kupaona.

Jomen hajawahi kulitazama akiwa ameketi upande huo. Anavua kofia.

"Zile barua zako," anasema Aka. "Uliandika nini?"

"Niliandika aje. Kwamba Mareja anangoja. Kwamba ni wajibu wake, mila ni mila."

"Na hili?"

"Hili sikuligusia."

"Tatu zote?"

"Tatu zote, Aka."

Aka anachimba mchanga kwa ncha ya fimbo. "Wale wanawake wa kwenye Injili," anasema, "njia nzima waliulizana nani atawasukumia jiwe. Wakafika, wakakuta malaika ameshalisukuma. Mimi nimekaa miaka tisa namngoja malaika. Nilipoona hana haraka nikafikiri labda anangoja fundi."

Jomen anajipangusa uso kwa kofia.

"Na ulie taratibu," anasema bibi. "Watu watadhani nimekupiga."

Mchana wa Pasaka anaandika barua ya nne, kwenye meza ya jikoni, kwa herufi kubwa zisizo na mikia. Jumatatu anahudhuria ufunguzi wa jiwe la mzee wa kanisa, anapokea pongezi, anakula kasa. Ngoma zinapoanza Aka anachukua mkeka wake kama kawaida.

Jumanne asubuhi wote wawili wako dukani, mahali penye dawati la posta. Anayehudumu ni Bi Teliai, ambaye amezipokea zile barua tatu za mwanzo.

"Mjomba, Mackay tena?" anauliza. "Wewe si mtu wa kukata tamaa."

"Tatu za kwanza nilimwandikia la kwangu," anasema Jomen. "Hii nimemwandikia la kwake."

Anamruhusu Aka aisome kwa mara ya mwisho, na Aka, asiyeona vizuri, anamfanya Bi Teliai aisome kwa sauti:

"Mwanyumba, leo nimekaa kichwani pa Damaris. Nimeona atakachokiona. Ulisema kweli mbele ya watu, na mimi nilijibu upuuzi mbele ya watu. Naomba ruhusa yako na ya Rita nilitoe jiwe pale na kulisimamisha kichwani. Nitalipiga lipu pande zote mbili. Kama hutaki mkono wangu uliguse, nitajie fundi unayemtaka, nami nitamchotea maji."

Bi Teliai anakunja karatasi na kumrudishia Jomen.

"Ongeza chini," anasema Aka. "Andika: Aka anasema miguu yake inakaribia kuisha, kwa hiyo na la Mareja mlifanye upesi."

"Hapana, Aka."

"Mstari mmoja tu."

"Hata nusu. Barua hii haiombi kitu kingine. Mareja atangoja. Aliningoja miaka kumi na mmoja niache pombe, hakunisimanga hata siku moja."

"Alikusimanga. Alikuwa anakuja kukusimanga kwangu."

Jomen anacheka mpaka anashika dawati. Akijibiwa vizuri, anasema, atalifanya kabla ya mvua za Desemba. Saruji ameshaagiza mifuko miwili, na patasi ya kubomolea ameinoa. Pasaka ijayo anataka jua limfikie Damaris kifuani. Asipojibiwa ataandika ya tano, ileile, neno kwa neno. Na hapa anaipapasa ile pima maji yake, aliyoibeba mfukoni kama wengine wanavyobeba rozari. "Kama Aniba atashuka siku moja na kitambaa mkononi, itakuwa kwa hiari yake. Naamini ufufuo. Siwezi kushindwa kumwamini mwanyumba."

Anaitia karatasi ndani ya bahasha. Aka anampokonya.

"Basi niifunge mimi."

Anailamba gundi kutoka pembe hadi pembe, bila haraka, anaifunga bahasha, kisha anaigonga ngumi tatu juu ya dawati kama anayepiga ngoma. Bi Teliai anabandika stempu, anagonga muhuri, anaitia kwenye mfuko na kukaza kamba. Nje, ndege ya posta ya saa nne imekwisha kutua.