Hodi Kwenye Magofu

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alienda nayo sokoni, alienda nayo hospitali, na kuna siku aliingia nayo msibani mpaka mtu akamnong'oneza aivue. Alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, pasi, na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa sakafuni. Kutoka dirishani aliuona mlima, na siku za jua ulitoa moshi mwembamba kama mtu anayevuta sigara kwa kujificha.

Kwenye dirisha hilo ndipo aliposimama wifi yake kila asubuhi. Wifi alikuwa nesi mstaafu, dada wa marehemu mumewe. Aliegemeza viwiko dirishani kwa nje, wakapiga soga mpaka miguu ikamuuma. Ndani hakuingia. Tangu siku kaka yake alipotolewa humo amebebwa, hakuvuka tena kizingiti. Mama Futi alimpitishia chai dirishani kama anamhudumia mteja. Hawakugombana kwa ajili hiyo, wala hawakuligusa kwa maneno.

Asubuhi moja mwongoza watalii alikuja kuchukua sare za wenzake.

"Mama, tangu naanza kazi unatushonea wewe. Huko juu umewahi kufika?"

"Nifuate nini? Mlima nauona hapa hapa, sitoki hata jasho."

"Siyo mlima. Magofu. Kuna watu waliishi kule zamani sana, kabla mlima haujatapika moto. Leo gari lina nafasi."

Wifi akadakia kutoka nje. "Twende bwana! Utakufa umeshonea suruali wapanda mlima, mwenyewe hujapanda hata ngazi."

"Nesi mzima unanitabiria kifo asubuhi yote hii?" Lakini alicheka, akazima pasi, akafunga mlango.

Barabara ilipomaliza mashamba, ardhi ikawa nyeusi. Uji wa moto wa zamani ulikuwa umepoa ukiwa bado unakimbia. Ulibaki na mikunjo yake, mawimbi juu ya mawimbi, kama kitambaa kizito kilichoangushwa chini bila kukunjwa. Majani membamba yalichungulia kwenye nyufa. Halafu kuta zikaanza kuonekana: mawe meusi yaliyopangwa bila udongo, yakifika kiunoni, na katikati yake vichochoro vyembamba vya kupita mtu mmoja.

"Walikufa wote?" Mama Futi aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wenyewe wangesikia.

"Hatukukuta mifupa," alisema mwongozaji. "Nadhani waliondoka mapema."

Ukungu ulishuka wakati anaeleza. Ulikuja taratibu, ukameza kuta za mbali, ukameza watalii na kofia zao. Mama Futi alikuwa amebaki nyuma akipapasa mawe. Alifuata ukuta kwa kiganja, akapinda, akapinda tena, akajikuta ndani ya nyumba. Alijua ni nyumba kwa sababu palikuwa na mafiga, na kando yake jiwe la kusagia lililobonyea katikati kwa mikono ya watu. Akakaa chini. Ardhi ilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka sasa hivi.

Akafumba macho. Hakulala, ila hakuwa macho pia. Alisikia maji yakimiminwa mahali. Alisikia mtu akikohoa, na kandambili zikiburuzwa chumba cha pili. Alizijua zile kandambili. Ni mumewe, anatafuta miwani, anafunua hiki, anafunua kile, anaguna.

"Iko kichwani," akamwambia moyoni, kama alivyokuwa akimwambia siku zote. Kule chumba cha pili mtu akacheka.

"Hodi!"

"Karibu," akaitika bila kufumbua macho.

Alipofumbua, wifi yake alikuwa amesimama penye uwazi wa mlango, ukungu umemfunika mpaka magotini. Mguu mmoja ulikuwa kwenye jiwe la kizingiti, mwingine umekataa.

"Ingia basi."

"Nyumba ya watu hii."

"Wenyewe wametoka."

Wifi alijaribu kucheka, akashindwa. "Wifi yangu, nikiingia kwako nitamkuta hayupo."

Mama Futi alisogea kumwachia nafasi. "Mimi namkuta hayupo kila siku. Na namkuta peke yangu."

Wifi aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akavuka. Alikaa karibu na jiwe la kusagia, bega kwa bega na wifi yake, akalia kilio alichokimeza mazishini, alipokuwa akiwahudumia wengine maji na dawa za presha. Mama Futi hakumnyamazisha. Alimshika mkono tu, na joto la ardhi likawapanda wote wawili.

"Alikuwa humu sasa hivi," alimwambia baadaye. "Anatafuta miwani."

"Iko kichwani," alisema wifi, akipangusa pua, na safari hii wakacheka kweli, mpaka mwongozaji akawapata kwa kufuata vicheko.

Kesho yake wifi hakuingia ndani. Alirudi dirishani kwake siku kadhaa, anaanza kuaga, haondoki. Ndipo adhuhuri moja akazunguka, akapitia mlangoni bila kupiga hodi, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha kulala. Alisimama humo muda mrefu. Alipotoka aliomba chai na kijiko kimoja cha sukari.

Siku hizi amehamishia hapo redio yake, na mito miwili, na maoni yake juu ya kila nguo. Mchana hulala kwenye kochi, anakoroma kuushinda mlio wa cherehani. Wateja wakilalamika, Mama Futi huwaambia wazungumze kwa sauti ya chini, kuna mtu amepumzika.