Mchungwa Kwenye Shamba la Kuazima

Harufu ya tope la Mto Mgeta baada ya mafuriko ndiyo hunijia kwanza nikikumbuka Kisaki: nzito, ya majani yaliyooza, inayoganda mpaka kwenye nguo. Mto ule unaanzia kwetu milimani, unashuka mbio hadi tambarare, kisha unajitanua na kuacha udongo mweusi kandokando. Udongo huo ndio uliomtoa baba kijijini kwetu, alikokuwa akilima huku kang'ang'ania mteremko kama mbuzi. Kule chini nyumba zilikaa mbalimbali, kila ukoo na eneo lake, na sisi tulikuwa wageni. Bibi mmoja alituazima shamba la ukoo wake kwa sharti moja tu: tulime mahindi na mpunga, tusipande mti. Kwetu Waluguru, anayepanda mti kwenye ardhi ya watu ameanza kuidai.

Nilikuwa na miaka minane, na sharti hilo nililisikia vizuri tu, sisingizii utoto. Baba aliniletea chungwa kutoka stesheni. Nikafukia mbegu nyuma ya nyumba, nikawa naimwagilia kwa kopo. Mche ulipofika magotini, kaka zake yule bibi wakauona. Walikuja asubuhi, watatu, wakakaa mkekani bila kugusa uji wa mama, wakauliza nani kapanda. Baba alinitazama mara moja tu.

"Ni mimi," akasema. "Tamaa ilinishika. Mnisamehe, wazee wangu."

Aliung'oa mche mbele yao kwa mikono yake, lakini wapi! Tuliambiwa tukishavuna tuondoke. Tukarudi mlimani na magunia yetu, na baba akalima mteremko mpaka mgongo ukapinda. Hakuwahi kunigombeza. Afadhali angenichapa.

Sasa naishi Morogoro mjini. Mwaka jana nilikwenda Kisaki nikakuta mto umehama njia. Pale tulipolima ni mchanga na maji. Wajukuu wa yule bibi nao wamehamia karibu na reli. Hakuna aliyefaidi. Niliporudi nilikwea hadi kijijini kumpa shikamoo baba, ambaye siku hizi hatoki kitandani. Akauliza kama lile shamba bado linazaa.

"Linazaa sana, baba," nikamdanganya.

Uso wake ukachangamka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi.

"Basi nikipata nafuu twende tukawaombe tena," akasema. "Sasa umekuwa mtu mzima, sharti utalishika."